Tippu Tip, mtoto wa mkwe wa Unyanyembe

Ukitaka kujua mgeni aliishije Tabora miaka ya 1850, usimuulize Tippu Tip. Muulize Richard Burton, Mwingereza aliyefika hapo Novemba 1857, enzi hizo pakiitwa Kaze, akapokewa na Snay bin Amir. Kitabu chake cha 1860 kimejaa nyumba, vyakula, taratibu za kutembeleana na malalamiko kibao. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi na mke huko huko, hana habari na hayo. Maisha yake, aliyoyaandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu na Mjerumani Heinrich Brode akayahamishia herufi za Kilatini, ni frasila za pembe, majina, madeni, vita, halafu safari tena.

Watu wanakilaumu kitabu kwa ukavu huo. Nimekisoma tena mwaka huu nikiwa Tabora kikazi, mimi mtu wa pwani, katika toleo la 1966 lenye tafsiri ya Whiteley, na nadhani ukavu wenyewe ni ushahidi. Burton alikuwa mpita njia, kila kitu kilimshangaza. Aliyezoea haelezi ugali.

Swali ni kwamba alizoeaje. Tukumbuke Unyanyembe ilikuwa nchi ya watu, ina mtemi wake. Mfanyabiashara wa pwani aliingia kwa ruhusa. Baba yake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, alikata njia fupi: alimwoa binti wa Mtemi Fundikira. Basi, ugeni umekwisha, sasa ni mkwe, na mkwe haulizwi ameondoka lini. (Mimi niliitwa shemeji sokoni siku ya pili tu, na sijaoa hata kuku. Mzaramo naye akifika hapa anataniwa mpaka leo, na wenyewe wanasema ni utani wa tangu enzi za misafara.)

Lakini fuatilia huo ukwe ulifika wapi. Fundikira alipofariki, mrithi wake Mnywa Sere alitaka wafanyabiashara walipe ushuru. Wao wakamuunga mkono Mkasiwa, Mnywa Sere akafukuzwa kwao. Wageni waliojifunza mila vizuri sasa wanaamua nani akae kwenye kiti! Tippu Tip anasimulia mambo ya namna hii kwa sauti ile ile anayotumia kutaja bei ya pembe, na hapo ndipo kitabu kinaponitisha, kuliko penye bunduki.

Mtoto akampita baba. Utetera, mashariki ya Kongo ya leo, Tippu Tip alisikia habari za mabinti wa kitawala waliotekwa zamani wasirudi. Akajitangaza kuwa ni damu yao, mjukuu aliyerudi nyumbani. Mzee Kasongo, mtawala, akamwamini na kumwachia madaraka. Na mwandishi anatusimulia hila hiyo bila haya, karibu kwa kujisifu. Kama masimulizi, ni sehemu bora ya kitabu: fupi, haina pambo, msomaji unacheka kabla hujagundua unachekea nini.

Sisi tunapenda kuzungumzia Tabora kama mahali ambapo pwani na bara walichanganyika kwa upole, ukionyeshwa miembe na Kiswahili kitamu. Sikatai, miembe ipo. Ila kuna mgeni mwingine ambaye kitabu hiki hakimpi nafasi: yule aliyeletwa kutoka Manyema akiwa mateka, akapewa jina jingine, akajifunza Kiswahili kwa amri. Yeye alizoea zaidi ya wote, kwani hakuwa na pa kurudi. Humu anahesabiwa na mali. Na yule binti wa Fundikira? Tunamjua kwa baba yake na kwa mumewe. Alionaje kuletewa mume wa pwani mwenye nyumba nyingine Unguja, hatuambiwi, wala Burton na udadisi wake wote hatusaidii.

Kwa hiyo kisomeni, tena kwa Kiswahili chake, maana tafsiri inakilainisha. Majina mengi yatawachosha mwanzoni. Mkishindwa, anzieni Utetera, kisha rudini nyuma kwa baba na ndoa yake.