Haramia ni Nani? Neno Moja na Hukumu Yake katika Taarikhi ya Ghuba

Ni rahisi kuandika kwamba Sayyid Sultan bin Ahmad, baba yake Sayyid Said, aliuawa na maharamia. Mwaka ni 1804, mahali ni bahari ya karibu na Lengeh, upande wa Uajemi, na waliomuua walikuwa Qawasim, watu wa Ras al-Khaimah na Sharjah. Waandishi wa Kiingereza wa karne ya 19 walikwisha kulipa taifa hilo jina lake. Mwenye kutafsiri hufungua kamusi, akaliona neno "haramia", akaliandika na kupita. Sisi tunaona hapo ndipo pa kusimama. Kama waliomuua ni maharamia, alikufa kama msafiri aliyevamiwa njiani. Kama ni maadui, alikufa vitani. Kwa familia za Kiomani zinazosimulia habari zake hadi leo, hayo si mamoja.

Tuanze na neno lenyewe. Asili yake ni Kiarabu: harami ni mwizi, mwenye kula cha haramu, na wingi wake ni haramiyya. Waswahili tuliuchukua wingi tukaufanya umoja, kisha tukaupachika wingi wetu juu yake: maharamia. Katika asili yake hamna bahari hata tone. Wale wezi arubaini wa Ali Baba kwa Kiarabu huitwa harami, nao walikuja kwa farasi. Bahari tumeiongeza sisi watu wa pwani, lakini haramu haikutoka. Atamkaye "haramia" amekwisha kutoa fatwa kabla ya kusikiliza kesi.

Kiarabu kina maneno mengine ambayo hayakwenda njia hiyo. Qursan, litumikalo sana leo, limetoka katika corsaro la Kitaliani, na corsaro mara nyingi alikuwa na kibali cha mtawala wake mfukoni. Al-Biruni, alipoandika juu ya India, aliwataja Bawarij wa Kachi na Somnath, ambao walipora baharini na waliitwa hivyo kwa jina la vyombo vyao. Waliitwa kwa chombo, hawakuitwa kwa dhambi.

Na Kiswahili chetu si maskini. Mwizi huchukua kwa siri. Mnyang'anyi huchukua mbele ya macho ya mwenyewe. Mporaji hungoja vurugu. Jambazi huja na silaha, na jina lake linanasibishwa na Kifursi janbaz, mwenye kuchezea roho yake, ambalo zamani halikuwa tusi. Mtekaji hushika mtu au chombo ili alipwe. Waliokuwa wakikamata meli mbele ya Somalia kuanzia 2008, na magazeti yetu yote yakawaita maharamia, aghlabu walikuwa watekaji: walichotaka ni fidia, shehena haikuwashughulisha sana.

Sasa turudi Ras al-Khaimah. Waingereza waliishambulia mara mbili, 1809 na 1819, na mara zote mbili Sayyid Said alikuwa upande wao. Mkataba wa Januari 1820 uliofuata unastahili kusomwa na kila mwenye kutumia neno hili. Vita halali, kwa mujibu wake, ni vile vilivyotangazwa na kuamriwa na serikali dhidi ya serikali. Kuua na kuchukua mali bila ya hayo ni uharamia. Yaani kinachopimwa si kitendo, ni nani aliyekiamrisha. Tena kila chombo kiwe na karatasi yenye saini ya mkuu wake. Wareno nao, karne tatu kabla, waliuza cartaz, na chombo kisichokuwa nayo walikikamata. Wengi hulirudisha neno hilo kwenye qirtas, ambalo ndilo karatasi yetu. Hao hao waliiteka na kuipora Kilwa na Mombasa mwaka 1505, na vitabu vya shule vikawaita wapelelezi.

Kifungu cha 9 cha mkataba ni kigumu zaidi kwetu. Kinasema kuwachukua watumwa kutoka pwani za Afrika na kuwasafirisha ni uharamia. Sayyid Said hakuwa miongoni mwa waliotia saini. Kwa hiyo mzigo uleule wa binadamu ulikuwa uharamia katika chombo cha Ras al-Khaimah, na biashara katika chombo cha Maskati. Aliyeuzwa hakuona tofauti.

Charles Belgrave alikiita kitabu chake cha 1966 The Pirate Coast, na jina hilo peke yake ni hukumu. Sultan bin Muhammad Al-Qasimi, mtawala wa Sharjah na mwenyewe ni wa ukoo huo, alimjibu yeye na wenziwe mwaka 1986 katika The Myth of Arab Piracy in the Gulf. Hoja yake ni kuwa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki iliikuza tuhuma hiyo kwa sababu iliitaka biashara ya Ghuba. Ushahidi wake mwingi ni wa nyaraka za Kampuni yenyewe, na hapo ndipo nguvu yake. Udhaifu wake, kwa maoni yetu, ni kuwa amelikubali swali la mshitaki: ni maharamia au si maharamia? Ukishalikubali, huna pa kuwaweka walioumizwa kweli.

Nao walikuwepo. Ripoti za Balozi Rigby, aliyekuwa Unguja kuanzia 1858, zinaeleza jinsi Waarabu wa kaskazini waliokuja na msimu walivyoiba watumwa na watoto wakaondoka nao. Rigby alikuwa na ajenda yake, lakini hatuoni sababu ya kumkanusha katika hili. Wala hatuhitaji "haramia" kwa watu hao. Wezi wa watu yatosha, na ni kali zaidi.

Kwa hiyo anayetuletea makala juu ya mwaka 1804 tutamwomba aandike kuwa Sayyid Sultan aliuawa akipigana na vyombo vya Qawasim. Akitaka kuandika "maharamia", atuonyeshe kwanza ni nani aliyewaita hivyo, mwaka gani, na alikuwa na meli ngapi.