Umbopa Aliyenyang'anywa Kauli: Tahakiki ya Filamu ya King Solomon's Mines (1985)

Wasomaji wa Kiswahili hawakuhitaji sinema ili wamjue Allan Quatermain. Riwaya ya H. Rider Haggard, King Solomon's Mines, iliyotoka mwaka 1885, ilifasiriwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kwa hiyo hadhira ya Kiswahili huitazama filamu yoyote itokanayo na riwaya hiyo ikiwa na kipimo chake tayari. Tahakiki hii inaichunguza filamu ya mwaka 1985, iliyoongozwa na J. Lee Thompson kwa kampuni ya Cannon, ikirudia hadithi iliyokwisha kupata sifa katika filamu ya MGM ya mwaka 1950. Wahakiki waliibeza kwa kuiga waziwazi Raiders of the Lost Ark (1981) na kwa mzaha wake usiochekesha. Lawama hizo ni za haki, ila hazigusi kiini. Hoja yetu ni kwamba filamu ilianguka pale ilipomnyang'anya Umbopa kauli yake, kwani hadithi nzima imeegemea kauli hiyo.

Katika riwaya, Umbopa anajiunga na msafara kama mtumishi, lakini usemi wake hauendani na cheo chake. Anazungumza na Sir Henry Curtis kama mtu aliye sawa naye, hata Quatermain, ambaye ndiye msimulizi, anaona haja ya kumkanya. Msomaji anaanza kushuku kabla hajaambiwa lolote. Baadaye, alama ya nyoka iliyochorwa kiunoni mwake inathibitisha kwamba yeye ni Ignosi, mrithi halali wa kiti cha Wakukuana kilichotwaliwa na Twala. Alama hiyo ni ushahidi tu. Maneno yake yalikwisha kumtambulisha. Na mwishoni ni Ignosi huyo anayetamka kwamba nchi yake haitawapokea wafanyabiashara weupe na bunduki na pombe zao. Haggard alikuwa mtu wa himaya, na mtazamo wa kikoloni umeenea katika riwaya yake. Hata hivyo alimwachia Mwafrika neno la mwisho kuhusu nchi yake.

Kauli hiyo hupata nguvu ya pekee katika Kiswahili. Haggard alitumia Kiingereza chenye ladha ya kale kuwakilisha lugha ya wahusika wake Waafrika, na matokeo yake ni kwamba wanasikika kwa mbali. Kiswahili sanifu hakilazimishi umbali huo: mfalme na mpagazi huweza kusemeshwa kwa kiambishi kilekile cha nafsi ya pili. Msomaji wa tafsiri huwasikia Quatermain na Umbopa wakisemezana katika lugha moja, ambayo ni yake yeye msomaji.

Filamu ya 1950, iliyoongozwa na Compton Bennett na Andrew Marton, ilipigwa Afrika Mashariki na Kongo, ikatunukiwa Oscar za upigaji picha na uhariri. Nayo ina kasoro: Waafrika wengi humo ni sehemu ya mandhari, na mapenzi ya Quatermain na Elizabeth Curtis, mhusika asiyekuwamo riwayani, yanachukua nafasi kubwa. Lakini Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika zinasikika ndani yake, na mahali pa muziki wa okestra pameshikwa na ngoma na nyimbo za Kiafrika. Mtazamaji asiyezijua lugha hizo anatambua walau kwamba kuna maana inayosemwa, ila ufunguo wake hana.

Filamu ya 1985 inaondoa hata utambuzi huo. Quatermain (Richard Chamberlain) na Jesse Huston (Sharon Stone) wanamtafuta baba yake Jesse, huku wakifukuzwa na Kanali Bockner, Mjerumani, na Dogati, Mturuki. Mbio hizo zinausukuma pembeni mgogoro wa kiti cha ufalme. Umbopa, ambaye sasa anaitwa Umbopo, anaigizwa na Ken Gampu, mwigizaji mahiri wa Afrika Kusini aliyestahili zaidi ya kufanywa mwandani wa kuchekesha. Ufalme wake unapofichuliwa, unatushukia kama taarifa tu, maana usemi wake haukututayarisha kwa lolote. Wenyeji wengine ni kundi lenye chungu kikubwa, ambamo wageni wanatiwa pamoja na mboga. Sauti zao ni vishindo, na juu yake inavuma okestra ya Jerry Goldsmith.

Huenda ikadaiwa kwamba hii ni kejeli, na kwamba kejeli haipimwi kwa mizani ya uhalisi. Dai hilo lingekubalika iwapo kejeli ingemlenga shujaa mweupe na safari yake ya kutafuta hazina. Lakini Quatermain hutoka katika kila sokomoko na ushujaa wake ukiwa mzima. Anayebaki kuchekwa ni mwenye chungu.

Ubaya huo unazidi tukikumbuka kwamba filamu ilipigwa Zimbabwe, miaka 5 tu baada ya uhuru. Nchi hiyo ilichukua jina lake kutoka katika magofu ya Zimbabwe Kuu, ambayo walowezi waliyahusisha na wageni wa kale, akiwamo Mfalme Sulemani, ili wasikiri kwamba yalijengwa na Waafrika. Mwaka 1929, mwaka uleule wa tafsiri ya Johnson, mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alichimbua magofu hayo na kuthibitisha kwamba yalikuwa kazi ya Waafrika. Miaka 56 baadaye, filamu iliirudisha ngano ya Sulemani katika nchi ambayo jina lake lenyewe lilikuwa jibu kwa ngano hiyo.

Kwa wanaofundisha tafsiri na fasihi linganishi, filamu hii bado ina faida. Isomwe sambamba na Mashimo ya Mfalme Sulemani, na wanafunzi waulizwe maswali matatu: nani anasema, kwa lugha gani, na nani ameandaliwa kumwelewa? Wakiyajibu, wataona kwamba Umbopa aliye katika tafsiri iliyofanywa chini ya ukoloni ana kauli pana kuliko Umbopo wa filamu iliyopigwa katika nchi huru.