Istilahi Isiyomhukumu Mkunga

Mfasiri aandikapo "makosa ya kibinadamu" kwa taaluma ya kulinganisha vifaa na mazingira ya kazi na uwezo wa mtu, hatukubaliani naye. Mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, yaliyozinduliwa mwaka 2010 na kutumiwa nchini, hutaka mtoto apate pumzi ndani ya dakika 1. Tumchukue mkunga wa Njoro, Moshi, akijizoeza kwa mwanasesere huku mkufunzi akimwelekeza kwa simu kutoka mbali. Sauti ikikatika, au barakoa ikiwekwa asikoifikia, kosa ni la nani? Istilahi hiyo imekwisha kumhukumu mkunga, na mpangilio mbaya husalia. Twapendekeza "ulinganifu wa mtu na kazi". Nalo neno "uigizaji" liachiwe jukwaa. "Zoezi la mwigo" latosha.