Keria ya Baiskeli ni Ipi? Uhakiki wa Tafsiri ya Maelekezo ya Usalama

Tafsiri ya maelekezo ya usalama hutofautiana na tafsiri ya hadithi kwa jambo moja kubwa. Msomaji wa hadithi akikutana na neno lenye maana mbili, huenda akaburudika. Msomaji wa maelekezo akikutana na neno la namna hiyo, mkono wake umekwisha kuwa kazini, naye hana budi kuchagua maana moja. Akichagua isiyo, mzigo huanguka njiani, na aumiaye aghalabu si yeye bali ni yule amfuataye nyuma. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuihakiki hapa rasimu moja iliyoletwa kwetu, ambayo ni tafsiri ya maelekezo ya kuchukua baiskeli nyuma ya yale magari makubwa ya Marekani ambayo watu husafiri na kulala humo humo, na vilevile juu ya magari madogo yanayokokotwa na magari hayo. Rasimu imekusudiwa wasemaji wa Kiswahili waishio huko. Hatumtaji mfasiri wala mtengenezaji wa chombo, maana shabaha yetu ni maneno, si watu.

Tuanze na jina la gari lenyewe. Rasimu inaliita mara "karavani", mara "nyumba ya magurudumu", na mahali pamoja "msafara". Hili la mwisho ni kosa la kamusi: mfasiri ameona neno la Kiingereza lenye maana ya watu wengi wasafirio pamoja, akachukua kisawe cha kwanza. Kosa hilo msomaji ataligundua mwenyewe. Lililo baya zaidi ni yale majina mawili mengine, kwa kuwa yote mawili yaweza kutajia chombo chenye injini yake na chombo kisicho na injini kinachovutwa na gari jingine. Tofauti hii si ya mapambo. Keria nyingi zinazofungwa nyuma ya gari dogo hazikuidhinishwa na watengenezaji wake zitumike nyuma ya tela. Nyingine zinaruhusiwa nyuma ya gari lenye injini lakini kwa mzigo uliopunguzwa. Na baadhi zimekatazwa kote kuwili. Msomaji asiyejua ni chombo kipi kinachosemwa hawezi kujua kama katazo linamhusu. Twapendekeza "gari-nyumba" kwa kile chenye injini na "tela-nyumba" kwa kile kisicho nayo. Neno la kwanza katika kila jina linatosha kutenganisha, nalo ni neno ambalo kila utingo analijua.

Jina la pili ndilo lililotupa kichwa cha makala haya. Rasimu inasema "keria ya baiskeli" tangu mwanzo hadi mwisho. Tunakubaliana kabisa na mfasiri kutumia neno keria. Wako wenzetu ambao wangependa liondolewe kwa kuwa ni la kigeni, mahali pake pawekwe "kichukuzi" au "kibebeo". Sisi hatuoni haja hiyo. Keria imekwisha kukaa katika vinywa vya watu wetu, kuanzia fundi wa baiskeli chini ya mwembe hadi utingo anayepanda juu ya basi kupanga magunia, na neno lililokwisha kukaa halifukuzwi ila kwa sababu nzito. Tatizo liko kwenye kile kiungo kidogo "ya". Kwa kila mtu aliyepata kumiliki baiskeli, keria ya baiskeli ni ile iliyo juu ya gurudumu la nyuma, anapofungia gunia la mkaa au kumpakia mwenziwe. Rasimu inakusudia kinyume chake: chombo kinachochukua baiskeli, si chombo kinachochukuliwa nayo. Basi rasimu inapomwamuru msomaji akague kama keria ya baiskeli imekazwa barabara, atakagua kipi? Mtu mwaminifu kabisa aweza kuitikisa ile keria ndogo ya baiskeli, akairidhia, akaondoka, huku kile chuma kikubwa kinachobeba vyote kimelegea.

Dawa ya tatizo hili imo ndani ya Kiswahili chenyewe, katika mnyambuliko wa kitenzi. Tukisema "keria ya kuchukulia baiskeli", ile -li- imekwisha kazi yote: chombo ni cha kuchukulia, na baiskeli ndiyo inayochukuliwa. Mfasiri hakuufikia mnyambuliko huo kwa sababu aliufuata mpango wa Kiingereza, lugha ambayo hupanga majina mawili bega kwa bega na kumwachia msomaji aufahamu uhusiano wake. Kiswahili hakiitegemei sana desturi hiyo. Kiungo "-a" kikilazimishwa kuchukua kila uhusiano uliopo baina ya majina mawili, huelemewa.

Ugonjwa huo huo unaonekana katika "gari la kuvuta". Yafaa msomaji aelezwe kwanza desturi yenyewe. Mmarekani asafiripo na gari-nyumba kubwa mara nyingi hufunga gari dogo nyuma yake, ili afikapo kambini aliache lile kubwa limesimama na kwenda sokoni kwa lile dogo. Gari hilo dogo huweza kukokotwa magurudumu yake yote manne yakiwa chini, kwa chuma chenye umbo la herufi A. Sasa, "gari la kuvuta" ni lipi? Laweza kuwa lile livutalo, kama tusemavyo ng'ombe wa kuvuta mkokoteni. Laweza pia kuwa lile livutwalo, kama tusemavyo maji ya kunywa, ambayo hayanywi bali hunywewa. Katika rasimu neno hili limetumika kwa maana zote mbili, tena katika ukurasa mmoja. Madhara yake ni haya. Baiskeli zikiwekwa nyuma ya gari-nyumba, zinakaa baina ya magari mawili, juu ya chuma cha kukokotea. Kwenye kona kali pembe ya mbele ya gari linalofuata husogea karibu sana na baiskeli, na usukani uliochomoza waweza kukipiga kioo chake. Ndiyo maana watu wengi huona heri kuziweka baiskeli juu ya paa la gari dogo au nyuma yake, mradi wakumbuke kwamba kimo cha gari hilo kimeongezeka. Agizo linalosema baiskeli ziwekwe "kwenye gari la kuvuta" linampeleka msomaji mahali salama au mahali pa hatari, kwa bahati tu. Tuseme "gari likokotalo" na "gari likokotwalo". Herufi moja, -w-, inaondoa shaka yote. Tumechagua kukokota badala ya kuvuta kwa kuwa kuvuta kuna kazi nyingi mno, hata ya tumbaku. Na tumekataa kuburuta kwa kuwa kinachoburutwa hugusa chini bila magurudumu. Chuma chenyewe tukiite "upau wa kukokotea", kisichanganywe na kamba, kwa maana kamba haiwezi kulizuia gari la nyuma lisiligonge la mbele.

Tuje kwenye vitenzi. Rasimu ina kitenzi kimoja tu cha kuchukua mzigo, nacho ni "kubeba". Hapa twasikitika kidogo, kwa kuwa lugha yetu ina utajiri mkubwa katika jambo hili. Mama humweleka mtoto mgongoni na kumpakata mapajani. Mchukuzi hujitwika kichwani. Mwenye mzega hutundika mizigo yake kwenye mti na kuuweka mti begani. Kila neno linaeleza mzigo umekaaje na umeshikwa wapi, na hayo ndiyo hasa mambo mawili anayopaswa kuyajua mpakiaji wa baiskeli. Ziko keria ambazo baiskeli hutundikwa kwa fremu yake, magurudumu yakining'inia. Ziko nyingine ambazo baiskeli husimama kwa magurudumu yake kwenye mfereji wa chuma na kubanwa kwenye gurudumu. Inayotundikwa hupepea zaidi na kugongana na mwenzake. Fremu iliyotengenezwa kwa nyuzi za kaboni, ikibanwa sana na kishikizo, huweza kupata ufa usioonekana kwa macho. Msomaji wa "keria ya kubebea" haambiwi lolote katika hayo. Msomaji wa "keria ya kutundikia" na "keria ya kusimamishia" amekwisha kuambiwa nusu ya somo kabla hajafunua ukurasa wa pili.

Kitenzi kilichotutia hofu kuliko vyote ni "kufunga". Katika Kiswahili mlango hufungwa, mzigo hufungwa, kufuli hufungwa, na hata mtu hufungwa. Rasimu inaagiza baiskeli ifungwe kabla ya safari. Je, ifungwe kwa kufuli isiibiwe, au kwa mkanda isianguke? Kufuli na mnyororo humzuia mwizi, lakini huiacha baiskeli icheze. Mkanda huizuia isicheze, lakini haumzuii mwizi. Mtu aliyetia kufuli tu anaweza kusema kwa haki kwamba amefuata maelekezo. Hapa pana vitenzi vinne vya kugawana kazi: "kubana" kwa kishikizo kinachoshika fremu au gurudumu, "kufunga kwa mkanda" kwa mkanda unaozuia gurudumu lisizunguke kwa upepo, "kukaza" kwa nati na bolti, na "kutia kufuli" kwa ulinzi wa mali. Kukaza hurudiwa baada ya mwendo mfupi wa kwanza, kwa kuwa vyuma na mikanda hulegea vikianza kutikiswa. Agizo hilo rasimu imelipoteza kabisa, nadhari ya mfasiri ikiwa imetulizwa na neno "imefungwa", ambalo lasikika kama jambo lililokwisha.

Kuhusu uzito, rasimu inataja "uzito wa ulimi". Hii ni tafsiri ya neno kwa neno. Wamarekani huita ulimi sehemu ya mbele ya tela inayofungwa kwenye gari. Waingereza kwa dhana hiyo hiyo husema pua. Ikiwa wenye lugha moja hawakukubaliana kama ni ulimi au pua, hatuna sababu ya kuurithi mwili wao. Dhana yenyewe ni nyepesi: ni uzito unaokikandamiza kuelekea chini kile chuma cha nyuma ya gari kinachoshika tela, kiwe tufe la milimita 50 kama lilivyozoeleka Ulaya, au tundu la mraba la inchi 2 kama lilivyoenea Marekani. Keria ikichomekwa hapo, uzito wake na wa baiskeli huhesabiwa humo. Twapendekeza "uzito ukandamizao kulabu", kulabu likiwa jina la jumla la chuma hicho.

Istilahi hii yahitaji kutenganishwa na "uzito wa mzigo" na "uzito wa ekseli", ambazo rasimu imezifanya kuwa kitu kimoja. Tuchukue mfano. Keria ina kilo 20, na baiskeli mbili za umeme zina kilo 25 kila moja. Mzigo wote ni kilo 70. Ikiwa ekseli mbili za gari-nyumba ziko mbali kwa meta 4, na mzigo uko meta 3 nyuma ya ekseli ya nyuma, basi ekseli hiyo haiongezewi kilo 70 bali kilo 122.5, na ekseli ya mbele inapunguziwa kilo 52.5, kwa sababu mzigo ulio nyuma hulipepea gari kama mizani. Magurudumu ya mbele ndiyo yashikayo njia wakati wa kugeuza usukani. Isitoshe, mkia huo mrefu hurushwa kwa nguvu katika kila shimo. Hiyo ndiyo sababu ya keria iliyo imara nyuma ya gari dogo kuvunjika nyuma ya gari-nyumba. Msomaji aliyepewa neno moja "uzito" kwa vipimo vitatu hawezi kuipiga hesabu hii. Betri za baiskeli, zikiondolewa na kuwekwa ndani, hupunguza vipimo vyote vitatu.

Haki yataka tutaje mazuri. Sehemu inayohusu taa na nambari ya gari imefasiriwa kwa Kiswahili safi. Inakubaliana na dhana iliyomo katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, kwamba mzigo usihatarishe watu, usiburutike wala kuanguka njiani, usimzibe dereva macho, wala usifunike taa, viakisi na nambari za gari. Vivyo hivyo onyo juu ya moshi wa moto utokao kwenye bomba na kuyeyusha tairi la baiskeli limeelezwa kwa maneno machache yasiyo na shaka. Katika sehemu hizo mfasiri alisahau majina ya Kiingereza akafikiri juu ya kitendo. Ndipo Kiswahili kilipomjia chenyewe.

Huenda baadhi ya wasomaji wakasema kwamba muktadha hutosha kuondoa utata. Twajibu kwamba muktadha ni msaada kwa yule asomaye ameketi. Mpakiaji husoma mstari mmoja, hushika spana, kisha hurudi kwenye mstari mwingine; muktadha wake ni kile kilichopo mkononi. Kwa hiyo tunawashauri wafasiri wa maelekezo ya namna hii, na walimu wanaowafundisha, wafanye jaribio jepesi kabla ya kuileta rasimu: mtu asiyeijua lugha ya asili asomewe kila agizo peke yake, kisha aonyeshe kwa mkono kitu atakachokishika na atakalokitenda. Akisita, neno hilo lirudishwe karakana. Rasimu hii tumeirudisha, nasi tunangoja maoni ya wasomaji juu ya gari-nyumba, tela-nyumba, upau wa kukokotea na uzito ukandamizao kulabu kabla ya kuyapeleka mbele yapate kusanifiwa.