Mwewe wa Hadithini na Ndege wa Vuli

Hadithi ya Kuku na Mwewe haihitaji kusimuliwa tena kwa urefu. Kuku aliazima sindano ya Mwewe (wengine husema wembe), akaipoteza. Tangu hapo hupekua ardhi akiitafuta, na Mwewe huchukua vifaranga kuwa malipo.

Ufundi wake ni mkubwa. Kwa kosa moja tu yaeleza kwa nini kuku hupekua na kwa nini vifaranga hukimbilia chini ya mbawa za mama yao. Wala haisemi kwamba Mwewe ni mwizi. Wanafunzi wangu wengi huandika hivyo katika insha zao, nami huwarudishia madaftari. Mwewe ni mdai, na mwenye deni ni Kuku. Twaisikia vibaya kwa sababu sisi wenyewe tu wafugaji wa kuku.

Lakini hadithi hiyo ina upungufu, nao niliutambua Jumamosi moja ya Novemba, nilipopanda na wanafunzi kilima kimoja juu ya Nunguni ili tuhesabu ndege wawindao wanaopita majira ya vuli. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na kumbikumbi walikuwa wakiruka. Nilipoyatazama madaftari, karibu kila mmoja alikuwa ameandika neno lile lile: mwewe. Mwewe thelathini, mwewe arobaini! Hesabu ya namna hiyo haina faida. Hadithi yaweza kuwapa ndege wote jina moja, kwa kuwa yahitaji mhusika mmoja; mwenye kuhesabu hana ruhusa hiyo.

Wengi wa wale waliokuwa juu yetu walikuwa kozi wa Amur, walioitwa kwa jina la mto ulio mpakani mwa Urusi na Uchina. Ndege huyu, ambaye uzito wake haufiki robo ya kilo, huzaliana huko mbali, hupitia Bara Hindi, huvuka bahari pasipo pa kutua, kisha huendelea hadi kusini mwa Afrika. Apitapo kwetu hula kumbikumbi na panzi. Hana deni na kuku yeyote.

Tena hesabu si mchezo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha ndege wawindao walioonekana kando ya barabara za Kenya katika miaka ya 1970 na wale wa miaka ya karibuni: aina nyingi zilikuwa zimepungua. Jambo hilo lisingalijulikana kama wahesabuji wa kwanza wangaliandika "mwewe" peke yake.

Tulipokuwa tukishuka, mvulana mmoja, ambaye mama yake hufuga kuku, alinikaribia akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, yule niliyempiga kwa manati juzi alikuwa nani?"

Nilimwuliza rangi ya miguu yake. Hakuwa ameitazama.