Shimo jeusi lenye chaji: njia mpya, jibu lilelile

Mwaka 2022 D'Onofrio, Fragomeno, Gambino na Riccioni walitoa makala ya kushangaza. Wanaanza na chembe moja ya kwanta yenye chaji, wanahesabu amplitudi za mtawanyiko, na wanafika kwenye jibu lilelile ambalo Reissner (1916) na Nordström (1918) walilipata kwa hesabu za Einstein.

Kuna mtu atauliza: faida iko wapi, kama jibu tulikuwa nalo? Iko kwenye njia. Katika mchoro mwepesi, usio na kitanzi, uvutano unaona masi tu. Chaji inaingia kwenye kitanzi cha kwanza, pale fotoni mbili kutoka kwa ile chembe zinakutana na kutoa gravitoni moja. Yaani umeme wenyewe nao unavuta. Na sisi tulizoea kusema vitanzi ni mambo ya kwanta peke yake! Hapo wanastahili sifa.

Lakini tusipige makofi haraka. Hesabu hii inajengwa hatua kwa hatua, kutokea mbali. Ni kama kuja Kazimia kwa mtumbwi: kila ukipiga kasia unakaribia, ila hujashuka ufukoni. Mpaka wa shimo, pale mwanga haurudi tena, hauonekani ukisimama kwenye hatua yoyote ile. Tunautambua sababu jibu zima lilikuwepo tayari.

Basi huu ni uthibitisho, siyo ugunduzi. Wewe unayeandika TFC, ungeridhika nao ao hapana? Mimi ningeridhika, mradi niseme wazi mtumbwi wangu umefika wapi.