Istilahi za Sheria ya Mazingira Mbele ya Shahidi

Istilahi mpya hupimwa kwa namna nyingi. Mwanaisimu huitazama kama imefuata kanuni za uundaji wa maneno. Mtaalamu wa fani huitazama kama imebeba dhana yote inayohusika. Mwalimu huitazama kama mwanafunzi ataielewa na kuikumbuka. Makala haya yanakusudia kuongeza kipimo cha nne, ambacho kwa maoni yetu kimesahauliwa katika istilahi za sheria ya mazingira. Kipimo chenyewe ni hiki: je, wakili anaweza kuitia istilahi hiyo ndani ya swali, akamwuliza mkulima au mvuvi mbele ya mahakama, na jibu atakalopewa likawa la kweli? Istilahi isiyoweza kuulizwa swali bado haijakamilika, hata kama imekwisha kuandikwa katika orodha na kupigwa muhuri.

Zamani upungufu huu haukuonekana sana. Wakili wa Tanzania alisoma sheria kwa Kiingereza, akaandika hati zake kwa Kiingereza, na akazungumza na mteja wake kwa Kiswahili. Tafsiri ilifanyika kichwani mwake, wala hakuna aliyeikagua. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilibadili hali hiyo kwa kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo tafsiri iliyokuwa siri ya wakili mmoja imekuwa jambo la kumbukumbu za mahakama, na kosa la neno moja laweza kumpotezea mtu haki yake.

Katika sheria ya mazingira mzigo huo ni mzito kuliko kwingine, kwa sababu wakili wa fani hii hupita katika lugha za watu wengi kabla ya kufika mbele ya hakimu. Humsikiliza mwanakijiji akieleza habari za kisima chake. Huenda mwenyewe penye tatizo akatazama mtaro na mkondo wa maji. Huhakikisha kwamba sampuli imechukuliwa, ikafungwa na kuandikwa ipasavyo, na kwamba kila aliyeishika anajulikana. Husoma taarifa ya mkemia na ya mhandisi. Kisha humdodosa shahidi wa upande wa pili, na mwishowe huiomba mahakama amri mahususi. Hizi ndizo stadi za kazi yake. Kila mojawapo ina maneno yake, na maneno hayo hayana budi kukubaliana tangu kisimani hadi kizimbani.

Na tuanze na neno la kwanza kabisa, yaani uchafu. Katika Kiswahili cha kila siku uchafu ni kitu kinachoonekana, kinachonuka au kinachoshikika. Uchafu hufagiwa, hufuliwa, huchujwa. Kinyume chake ni usafi, na maji safi kwa mtu wa kawaida ni maji maangavu. Sasa tufikirie mto upitao jirani na machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, ambao hutumia zebaki kuinasa dhahabu iliyomo katika mchanga. Zebaki ikiingia katika maji hayo huenda isibadili rangi yake wala ladha yake. Wakili wa mlalamikiwa akimwuliza shahidi, "Je, siku ile ulipochota maji uliona uchafu wowote?", shahidi mwaminifu atajibu, "Hapana, yalikuwa safi." Shahidi huyu hakusema uongo, lakini kesi yake imekwisha kujeruhiwa. Tena amejeruhiwa na neno lililomo katika haki yenyewe anayoidai, kwa maana kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinampa kila akaaye Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya.

Kwa bahati njema lugha yetu inayo njia ya kutoka hapo. Uchafu ni hali. Uchafuzi ni tendo. Kitu kiwezacho kuleta uchafuzi chaweza kuitwa kichafuzi, kiwe kinaonekana au hakionekani. Kwa hiyo haifai taarifa moja iandike "uchafu wa maji" katika ukurasa huu na "uchafuzi wa maji" katika ukurasa ufuatao, kana kwamba maneno hayo ni pacha. Wakili naye amwulize shahidi wake juu ya matendo na matokeo: nani alimwaga nini, wapi, lini, mifugo ilikunywa wapi, samaki walianza kufa siku gani. Swali la vichafuzi aliweke kwa mkemia, ambaye ndiye mwenye chombo cha kuviona.

Neno la pili ni athari. Istilahi "tathmini ya athari kwa mazingira" imekwisha kuenea, wala hatuna nia ya kuing'oa. Tunachohakiki ni sifa zinazoambatishwa kwa neno hilo. Kanuni za Tathmini na Ukaguzi wa Mazingira za mwaka 2005 ziliagiza kwamba taarifa ya tathmini iambatane na muhtasari usio wa kitaalamu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Hili lilikuwa jambo la busara kubwa, kwani mara nyingi muhtasari huo ndio maandishi pekee ambayo mwananchi atayasoma kabla ya mradi kuanza. Lakini jambo la busara laweza kuharibiwa na sifa moja ya jina.

Miaka michache iliyopita mwandishi wa makala haya aliletewa muhtasari wa namna hiyo ili aukague lugha. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "Mradi hautakuwa na athari kubwa kwa vyanzo vya maji." Alipoilinganisha na taarifa ya Kiingereza aliona kwamba mtaalamu hakuzungumzia ukubwa. Alisema kwamba hakutakuwa na athari ya kiasi cha kubadili uamuzi, endapo mabwawa ya majitaka yatasakafiwa vizuri. Mfasiri alikuwa ametenda makosa mawili. Kwanza, aligeuza uzito kuwa ukubwa, ilhali kitu kidogo sana chaweza kuwa na uzito mkubwa, kama chembe za zebaki zinavyotuonyesha. Pili, aliliacha sharti. Mwanakijiji aliyesoma Kiswahili hakuwa na habari kwamba usalama wa kisima chake unategemea sakafu ya bwawa, na kwa hiyo hakuwa na sababu ya kwenda kuitazama sakafu hiyo.

Tunapendekeza basi kwamba dhana hii iitwe athari yenye uzito, na neno "kubwa" liachiwe vipimo vinavyohesabika. Aidha, tungependa maneno athari na madhara yatenganishwe. Athari ni mabadiliko yanayotabiriwa au yanayopimwa, mema au mabaya. Madhara ni hasara iliyokwisha kumpata mtu au kitu. Tathmini hushughulika na athari. Madai ya fidia hushughulika na madhara. Wakili anayeandika katika hati ya madai kwamba mteja wake "alipata athari" amejidhoofisha mwenyewe, maana hata mvua njema ina athari.

Neno la tatu ni ushirikishwaji. Hapa sarufi yenyewe inatoa ushahidi. Sheria ya mwaka 2004 inataja miongoni mwa misingi yake ushiriki wa wananchi katika maamuzi yahusuyo mazingira. Lakini katika barua, mihtasari na hotuba, neno ushiriki limesukumwa kando na neno ushirikishwaji, lenye viambishi vya kusababisha na vya kutendwa ndani yake. Anayeshiriki ni mtenda. Anayeshirikishwa ni mtendwa: kuna mwingine aliyemwita, aliyepanga siku ya mkutano na aliyeamua ajenda. Tofauti hii si ya mapambo. Mwananchi akiulizwa mahakamani, "Je, ulishirikishwa?", atakumbuka kwamba aliitwa mkutanoni, akaandika jina lake katika karatasi ya mahudhurio na kunywa soda, naye atajibu, "Ndiyo." Akiulizwa, "Je, ulishiriki katika uamuzi? Ulisema nini, na ulijibiwa nini?", jibu laweza kuwa tofauti kabisa. Ushirikishwaji na ubaki kuwa jina la wajibu wa mamlaka. Haki ya mwananchi na iitwe ushiriki.

Neno la nne ni msemo mzima. Azimio la Rio la mwaka 1992 lina kanuni mbili ambazo wanasheria huzitaja sana. Moja, ya 16, yasema kwamba gharama za uchafuzi zapaswa kubebwa na aliyechafua. Katika Kiswahili kanuni hii imezoeleka kuandikwa "mchafuzi hulipa". Tatizo limo katika kiambishi hu-, ambacho hueleza desturi. "Mchafuzi hulipa" ni kauli ya mtu anayesimulia mazoea, na mwenye kiwanda aweza kuisikia kama bei: lipa, kisha chafua. Sheria haisimulii, sheria inaagiza. Afadhali tuseme "mchafuzi alipe", au, pale panapohitajika jina, "gharama kwa mchafuzi".

Kanuni ya pili, ya 15, ndiyo iitwayo kanuni ya tahadhari. Maana yake ni kwamba palipo na tishio la madhara makubwa au yasiyorekebishika, kukosekana kwa uhakika kamili wa kisayansi kusiwe kisingizio cha kuahirisha hatua za kuyazuia. Neno tahadhari ni zuri, lakini limechoshwa na mabango ya barabarani, ambako mwenye kutahadhari ni mpita njia. Mwanafunzi akisikia "kanuni ya tahadhari" aweza kudhani kwamba mwananchi ndiye anayetakiwa kukaa mbali na hatari. Hata hivyo wahenga walikwisha kuikamilisha istilahi hii zamani waliposema tahadhari kabla ya hatari. Wazo la kutangulia, ambalo ndilo moyo wa kanuni yenyewe, limo katika neno "kabla". Hatuoni sababu ya kutoiita "kanuni ya tahadhari kabla ya hatari", na mwalimu atakayeitumia hatahitaji kuieleza mara mbili.

Kuna watakaosema kwamba tunataka kuvuruga maneno yaliyokwisha kukubaliwa, na kwamba mahakama haina nafasi ya mashindano ya istilahi. Hoja hii ina nguvu. Istilahi inayobadilika kila mwaka ni mbaya kuliko istilahi dhaifu inayodumu, kwa kuwa wakili hana budi kujua kwamba neno la hukumu ya jana litakuwa na maana ile ile kesho. Ndiyo maana hatukupendekeza neno lolote geni. Uchafuzi, madhara, ushiriki, uzito na kabla ni maneno ambayo kila msemaji wa Kiswahili anayo tayari. Tunaloomba ni kila moja likae mahali pake.

Wengine watasema kwamba mambo ya maabara yabaki katika Kiingereza. Hao tunawakumbusha kesi mbili za Dar es Salaam. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa sababu ya jalala lililowaletea moshi, harufu na nzi, nao wakashinda. Baadaye jalala likahamishiwa Kunduchi Mtongani, na mwaka 1991 wakazi 795 wa huko wakaenda mahakamani, nao wakapata amri tatu. Amri hizo zina majina ya Kilatini, lakini Kiswahili huzieleza kwa vitenzi vitatu: kutengua, kukataza na kuagiza. Uamuzi wa kumwaga taka pale ulitenguliwa; umwagaji ulikatazwa; na Halmashauri iliagizwa kuandaa mahali panapofaa. Kila mkazi aliyeelezwa hivyo aliweza kujua kama amri imetekelezwa, kwani ilimtosha kutazama kama magari ya taka yangali yakija. Huo ndio mfano wa istilahi inayoweza kuulizwa swali.

Basi kwa wafasiri tunashauri kwamba muhtasari wowote wa tathmini ukikamilika, usomewe mtu mmoja asiyeijua taarifa ya Kiingereza, kisha aulizwe ni jambo gani mwenye mradi ameahidi kulifanya. Akishindwa kulitaja, tafsiri irudiwe. Kwa walimu wa sheria tunashauri kwamba mazoezi ya kumhoji shahidi yafanyike kwa Kiswahili, na neno lililomkwaza shahidi liandikwe na kuletwa barazani. Kwa watumishi wa serikali tunaomba jambo moja tu: wasiite ushiriki kile ambacho kilikuwa mahudhurio.

Kifungu cha 5 cha sheria ile ya mwaka 2004 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kuitetea haki yake ya mazingira. Mlango umefunguliwa. Ni wajibu wetu sisi wa istilahi kuhakikisha kwamba atakayeingia hatakwama kwa kukosa neno la kusema kilichompata.